Nilete dundu wa mavi kutoka Australia, au watatugeukia kama kunguru?

Swali: "Shikamoo Daktari. Nafuga ng'ombe 14 Muheza. Mchana wanachungwa, usiku wanalala zizini. Zamani mavi hayakumaliza siku mbili malishoni, dundu walikuwa wanayazika. Siku hizi yanakauka juu kama sahani, majani chini yake yanakufa, na nzi wamezidi. Mpwa wangu anaishi Australia, anasema kule wafugaji wananunua dundu wa mavi kwa hesabu na kuwaachia mashambani. Anakuja likizo Desemba na yuko tayari kunibebea 200 kwenye kopo. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ananitisha: eti mdudu wa kuletwa hugeuka balaa kama kunguru wa Unguja, na kwamba hawa watakula mizizi ya mahindi, maana tayari funza weupe wamejaa kwenye samadi yangu. Nani mkweli hapa? Nilete nisilete?"

Marahaba, ndugu yangu. Usilete. Ila sababu zangu si zote za mwalimu, na moja itakuchekesha: wengi wa dundu wanaosifiwa huko Australia walitoka Afrika. Kuwaagiza ni kama Mpemba kuagiza karafuu Ulaya.

Ng'ombe walifika Australia mwaka 1788 na meli za kwanza za walowezi wa Kiingereza. Bara lile lilikuwa na dundu wake, tena aina kwa mamia, lakini hao walizoea vinyesi vya kangaruu: vidogo, vikavu, vyenye nyuzinyuzi. Rundo la ng'ombe, bichi na zito, wengi wao hawakuliweza. Sasa ng'ombe mmoja huangusha marundo 10 hadi 12 kwa siku. Zidisha kwa mamilioni ya ng'ombe. Yalibaki juu ya ardhi kwa miezi, mengine kwa miaka, nyasi zikifa chini yake na nzi wakizaana ndani yake. Mwishoni mwa 1950 alihamia huko mtaalamu wa wadudu kutoka Hungary, George Bornemissza. Alishangaa kuona malisho yamejaa mavi makavu, kitu ambacho kwao hakukizoea. Akaishawishi taasisi ya utafiti ya serikali, CSIRO, iwatafute dundu waliozoea mavi ya wanyama wakubwa. Kwa kazi hiyo kituo kikafunguliwa Pretoria, Afrika Kusini.

Dundu wa kwanza waliachiwa mwaka 1968. Hadi kufikia 1984 zilikuwa zimeachiwa aina 43, nyingi kutoka Afrika na nyingine Ulaya. Zilizoshika ni 23. Zilizobaki zilikufa na kupotea, ingawa zilichaguliwa na wataalamu, zikalelewa maabara, zikaachiwa kwa maelfu. Hesabu hiyo ikumbuke mtu anapokuambia kwamba mdudu ukimwachia tu atajaa nchi nzima, na ikumbuke zaidi anapokuambia kopo moja la dundu 200 litakumalizia shida.

Miongoni mwa walioshika wamo Euoniticellus intermedius, kadundu ka rangi ya udongo kasikofika hata sentimita moja, na Onitis alexis aliye mkubwa kidogo. Wote wawili wanapatikana Afrika Mashariki. Huenda wako porini nyuma ya zizi lako sasa hivi.

Tuje kwa kunguru. Mwalimu ana haki ya kuogopa. Kunguru yule wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, yaani aliletwa kwa nia njema kabisa, kama hii yako. Leo anakula vifaranga na mayai ya ndege wengine hadi Dar es Salaam na Mombasa. Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mgeni ni kiumbe aliyepelekwa mahali ambapo hangefika mwenyewe. Mvamizi ni mgeni aliyeshika, akasambaa mwenyewe bila msaada, na akadhuru. Muhogo ni mgeni kwetu, na hakuna anayeuita mvamizi. Tena yule kidung'ata wa muhogo alipokuwa anamaliza mashamba ya Afrika miaka ya 1970 na 1980, aliyemdhibiti alikuwa nyigu mdogo sana aliyeletwa kutoka Paraguay. Nyigu huyo naye ni mgeni, na hatujasikia kesi yake.

Kunguru anakula chochote, na hapo ndipo penye balaa lake. Dundu wa mavi chakula chake ni kimoja. Mavi yakiisha, naye amekwisha. Hatavamia shamba la mahindi wala ghala. Kwa hiyo anapodhuru, hadhuru mkulima moja kwa moja. Anayeumia ni dundu mwenzake, mwenyeji, wanayegombania sahani moja.

Na hilo limetokea? Limetokea, au angalau dalili zake ni nzito. Mfano ninaoujua vizuri ni wa Digitonthophagus gazella, dundu wa Kiafrika wa rangi ya kahawia, mwenye urefu wa kama sentimita moja, dume lake lina pembe mbili fupi. Marekani walimwachia Texas mwaka 1972. Brazil, kupitia shirika lao la utafiti wa kilimo, Embrapa, walimwachia maeneo ya Campo Grande kuanzia mwaka 1990, kwa sababu nzi wadogo wanyonya damu walikuwa wameingia na kuwatesa ng'ombe wao. Aliyetoka Texas akashuka Mexico, akapita Amerika ya Kati. Aliyetoka Brazil akaenda Paraguay, Bolivia, Argentina. Hakuna aliyempeleka kote huko. Aliruka mwenyewe, kutoka malisho hadi malisho.

Kwa nini yeye na si wengine? Angalia anavyozaa. Dundu wa mavi wako wa namna tatu: wanaofingirisha vitonge na kwenda kuvizika mbali, wanaochimba handaki papo hapo chini ya rundo na kushusha mavi ndani, na wanaoishi humo humo ndani ya rundo. Gazella ni mchimbaji. Jike hushusha mavi, huyashindilia kuwa kitonge kirefu kama kidole gumba, hutaga yai moja, hufunga, huanza kingine. Penye joto, yai huwa dundu kamili kwa wiki chache tu, na jike mmoja katika uhai wake huweza kutaga mayai makumi. Mlinganishe na wale dundu weusi wakubwa wa kina Kheper unaowaona mbugani wakisukuma mpira kwa miguu ya nyuma. Jike wao hukaa shimoni kwa wiki nyingi akilea mtoto mmoja au wachache sana kwa msimu mzima. Ukiwaweka hawa wawili kwenye malisho mapya yenye mavi tele, huna haja ya kuuliza nani atajaza nchi. Gazella anazaa haraka, anaruka mbali, hachagui sana mavi, na anapenda jua la malisho wazi. Na malisho wazi ndicho kitu binadamu tunachoongeza kila mwaka kwa kukata misitu.

Kupenda kwake jua kumewaokoa dundu wa msituni, maana kwenye kivuli kizito haingii sana. Waliokutana naye ni wale wa nyika za asili, kama Cerrado ya Brazil, ambao nao wanaishi juani. Kuna watafiti waliokuta kwamba palipo na gazella wengi wenyeji wamepungua, na kuna waliokuta wanaishi pamoja. Tatizo ni kwamba katika miaka hiyo hiyo nyika zililimwa, zikapandwa majani ya kigeni, na ng'ombe wakachomwa dawa za minyoo, kwa hiyo kumtwika gazella peke yake lawama zote ni vigumu. Mimi binafsi naamini amechangia. Ila ukiniuliza kama ni balaa la kiwango cha kunguru, nitasema hapana. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeweza kumrudisha. Kunguru unaweza angalau kumtega. Mdudu anayeishi chini ya ardhi kwenye kila rundo la mavi la bara zima utamtega na nini?

New Zealand waliliona hilo, ndiyo maana walibishana kweli kweli. Dundu wao wa asili ni wadogo, wa msituni. Kibali cha kuleta aina 11 kwa ajili ya malisho kilitolewa mwaka 2011, wa kwanza wakaachiwa 2013, na katikati hapo palikuwa na wanasayansi waliopinga hadharani, vipimo vikaongezwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mjadala unakuja kabla ya kufungua kopo.

Sasa kopo lenyewe la mpwa wako. Dundu hasafiri peke yake. Ukimgeuza tumbo utaona vijidudu vidogo vyekundu-kahawia vinatembea kati ya miguu: hao ni utitiri, wanampanda kama daladala ili wafike kwenye rundo jingine. Ndani ya mwili anaweza kubeba mabuu ya minyoo. Kuna mnyoo wa mbwa, Spirocerca lupi, unaojenga vinundu kwenye koo la chakula, na mbwa huupata kwa kumeza dundu wa mavi mwenye mabuu hayo, au kuku na mijusi waliokula dundu huyo. Nje ya mwili amebeba chochote kilichokuwa kwenye mavi aliyotoka kula. Wale wa Pretoria walilijua jambo hili, kwa hiyo hawakusafirisha dundu wazima wakawaachia. Walisafirisha mayai, yameoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, yakawekwa moja moja ndani ya vitonge vya mavi vilivyofinyangwa kwa mkono. Walioachiwa malishoni ni kizazi kilichozaliwa karantini, ambacho hakijawahi kugusa mavi ya Afrika. Kopo ndani ya begi halifanyi kazi hiyo.

Halafu mpwa wako hajui ni aina gani atauziwa. Kusini mwa Australia kunakopoa, huuza pia dundu wa Ulaya kama Bubas bison, anayefanya kazi majira ya baridi. Kwa joto la Muheza huyo atakufa ndani ya wiki, nauli imepotea. Lakini akifika mikono ya mtu wa Lushoto juu, au Njombe, au Limuru, huko hatuna uhakika atakufa. Na kisheria, kuingiza mdudu hai nchini kunahitaji kibali. Tanzania pa kuanzia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yao Arusha. Kenya nendeni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Anayepita uwanja wa ndege na kopo kimyakimya anavunja sheria, hata kama nia yake ni safi.

Kuhusu funza weupe kwenye samadi, hapo mwalimu amewasingizia wasiokuwepo. Mabuu ya dundu wa mavi wanaochimba huishi kila mmoja ndani ya kitonge chake, chini ya ardhi, hutawaona wamejazana kwenye lundo. Wale wanene, weupe, waliojikunja kama herufi C, wenye kichwa cha kahawia, ukubwa wa kidole, kwenye samadi kuukuu ya Tanga, mara nyingi ni watoto wa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe puani kama kifaru anayetoboa minazi. Chonga huzaa kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye malundo ya samadi. Kama una minazi, hao washughulikie: geuza lundo kila baada ya wiki chache, waache kuku wale. Wapo pia funza wa mbawakawa wengine ambao hula mizizi kweli, na wakiwa shambani kwenye mahindi wapeleke kwa ofisa ugani awatazame. Lakini hao ni kundi jingine, si dundu wa mavi.

Sasa nikurudishie swali lako kwa namna nyingine. Umesema zamani mavi yalizikwa kwa siku mbili. Basi dundu walikuwepo. Nchi hizi zetu ndizo kwao. Mwaka 1974 ulichapishwa utafiti kutoka Tsavo ambako rundo la mavi ya tembo la kilo moja na nusu lilivutia dundu wapatao 16,000, na kwa saa mbili hivi lilikuwa limekwisha. Palipo na uwezo huo, kuagiza dundu 200 si dawa. Dawa ni kujua nini kimewaondoa.

Kwanza, uliangalia lini? Dundu wengi hutoka mvua zikianza, kwa sababu ardhi kavu haichimbiki na mavi ya kiangazi hukauka ngozi kabla hawajayafikia. Mavi ya Januari na Februari huwa ni kazi ya mchwa, na mchwa hawana haraka. Kama ulichokiona ni cha kiangazi, huenda hakuna kilichoharibika. Kama ni katikati ya masika, tuna la kuzungumza.

Na hapa ndipo nauliza: unawachoma sindano gani ya minyoo? Ikiwa ni ivermektini, ile inayosifiwa kwamba inaua minyoo na kupe na viroboto kwa mpigo, sehemu kubwa yake hutoka mwilini kupitia mavi ikiwa bado na nguvu. Huwapoozesha wadudu. Dundu mzima anaweza kunusurika akawa kama mlevi, asione njia ya kurudi kwenye mavi, lakini mabuu yaliyozaliwa ndani ya kitonge chenye dawa hufa. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya sindano. Ukichoma ng'ombe wote 14 siku moja mwanzoni mwa masika, umefuta kizazi kizima katika wiki zile zile walizotoka kuzaa. Fanya hivyo miaka mitano mfululizo, na unapata sahani zako.

Dawa za kupe nazo, hasa za jamii ya deltametrini na sipametrini, za kuogeshea na zile za kumwaga mgongoni, huwaua dundu wazima wanaokula mavi yaliyochafuliwa. Amitrazi kwa upande huu ni mpole zaidi kwao. Lakini nisikilize vizuri: usiache kuogesha. Ndigana kali itakumalizia ndama kabla hujaona dundu hata mmoja amerudi. Kubadilisha dawa ya kupe kunategemea pia kupe wa eneo lako wamezoea dawa gani, na hilo hulijui wewe wala mimi nikiwa huku mbali. Kaa na daktari wa mifugo wa wilaya, mpeleke na chupa zako, mpange pamoja. Uliza pia kama ng'ombe wako wazima wanahitaji dawa ya minyoo mara nyingi kiasi hicho. Ukiwa na ndama waliodhoofika, mikojo yenye damu, au tezi zilizovimba chini ya masikio, hilo ni la kumwita leo.

Kwa minyoo una nafasi zaidi. Dawa za kunywesha kama albendazoli na levamisoli zina madhara madogo sana kwa dundu. Na pale ambapo daktari atasema ivermektini ni lazima, choma wakati wa kiangazi dundu wakiwa wamelala, choma wanaohitaji na si kundi zima, na hao waliochomwa wabaki zizini wiki za mwanzo, mavi yao yaende kwenye shimo la mboji.

Nzi wa zizini ni kesi nyingine. Dundu hawawezi kukusaidia mahali unapofagia mavi kila siku na kuyarundika juu ya saruji au udongo ulioshindiliwa, wawe wa Australia au wa Muheza. Huko kazi ni ya koleo: lundo lifunikwe, ligeuzwe liwe na joto, au yaingie kwenye mtambo wa biogesi ukiwa nao. Na hata huko malishoni usitarajie muujiza. Australia kaskazini bado wanateswa na nzi wanaonyonya damu ya ng'ombe baada ya miaka hiyo yote ya dundu.

Kabla ya kuamua lolote, pima. Wiki mbili baada ya masika kushika, tafuta rundo la asubuhi, liwekee kijiti cha alama, lirudie kesho yake wakati kama huo. Kama dundu wapo utaona vifusi vidogo vya udongo mpya pembeni, rangi tofauti na ardhi ya juu, na rundo lenyewe limetobolewa na kulegea kama makapi ya nazi. Ukilibinua kwa jembe utakuta mashimo yanashuka chini, mengine yameshindiliwa mavi. Rundo likiwa bado na uso laini, linang'aa, na chini yake hakuna shimo hata moja, basi kweli hawapo.

Kisha tega. Zika ndoo ndogo mdomo wake uwe sawa na ardhi, tia ndani maji kidogo yenye sabuni. Funga mavi mabichi ya ukubwa wa ngumi kwenye kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, yaning'inize juu ya ndoo kwa kijiti. Hesabu jioni, hesabu tena asubuhi, kwa sababu wanaoruka mchana si wanaoruka usiku. Ndoo moja weka malishoni kwako, nyingine weka mahali wanapopita mbuzi au ng'ombe wasiochomwa dawa, kilomita moja au mbili kutoka hapo. Ikiwa kule wamejaa na kwako hakuna, umeshapata jibu, na mbegu ya kurudishia iko umbali wa kutembea. Watakuja wenyewe ukiwawekea mavi safi.

Ikiwa ndoo zote mbili ni tupu masika nzima, hilo ni jambo la kupeleka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa watu wa wadudu. Peleka hata wachache uliowapata, kwenye chupa yenye spiriti ya hospitali, na karatasi ndani imeandikwa kwa penseli tarehe, mahali na mavi ya mnyama gani, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Wa ndoo ya kwanza na wa ndoo ya pili usiwachanganye chupa moja.